Maoni ya Mwananchi Yanashikana Wapi?

Mtu akikuambia anachofikiri kuhusu kodi, huenda ukadhani umeshajua atakachosema kuhusu ardhi, Muungano, mahakama ya kadhi na ada za shule. Vyama vya siasa vimejengwa juu ya dhana hiyo, kwamba misimamo ya mtu huja pamoja, na anayeukubali mmoja ameikubali na mingine. Wataalamu wa siasa wameibishania dhana hii kwa zaidi ya miaka 60. Ubishi wao hauishi kwa sababu ndani yake imo heshima ya mpiga kura mwenyewe. Kama misimamo yake haina uhusiano wowote, anayemwomba kura anaweza kumuuzia chochote. Kama ina uhusiano, ni haki yetu kujua uhusiano huo umetoka wapi na nani ameutengeneza.

Nimeuweka ubishi katika sauti tatu. Mhadhiri ni mwanamke anayefundisha sayansi ya siasa jijini Dar es Salaam. Mzee alikuwa balozi wa nyumba kumi, amelima na amefanya kazi kiwandani. Mwanahabari ni mwanamke kijana wa Mombasa, ameripoti kura na maandamano. Sauti hizi nimezitunga mimi. Miaka, matukio na hesabu wanazozitaja ni za historia.

MHADHIRI: Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Anza wewe uliyesoma. Sisi tutakufuata, na pale tusipokubali tutakwambia.

MHADHIRI: Naanza na mwaka 1964. Mwaka huo Philip Converse wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha insha ndefu katika kitabu kilichohaririwa na David Apter, yule aliyekuwa ameandika kitabu kizima juu ya siasa za ufalme wa Buganda. Converse alisema mfumo wa imani si orodha ya maoni. Maoni yanakuwa mfumo pale yanapobanana: nikijua msimamo wako katika jambo moja, nibashiri wa jambo la pili na nisikosee sana, na ukibadilika katika hili, lile nalo litikisike. Kisha akatazama Wamarekani waliohojiwa wakati wa uchaguzi wa 1956, walipoulizwa kwa maneno yao wenyewe wanapenda nini na hawapendi nini kwa vyama na wagombea. Waliozipima siasa kwa fikra pana, mathalani kushoto na kulia, walikuwa asilimia 2.5. Asilimia 9 walizitaja fikra hizo bila kuzitegemea. Asilimia 42 walitazama makundi: chama hiki cha wafanyakazi, kile cha matajiri. Asilimia 24 walitazama nyakati: kuna amani au vita, shibe au dhiki. Asilimia 22.5 waliobaki hawakugusa sera yoyote.

MZEE: Na hao wa mwisho walipiga kura?

MHADHIRI: Wengi wao walipiga. Lakini lililowaumiza wasomaji ni jingine. Watu wale wale waliulizwa maswali yale yale mwaka 1956, 1958 na 1960. Swali mojawapo lilihusu kama serikali iuachie umeme na ujenzi wa nyumba mikononi mwa wafanyabiashara binafsi. Ukiwatoa wachache waliosimama imara, waliobaki walibadilisha majibu kana kwamba wanarusha sarafu. Wagombea wa Bunge la Marekani walipoulizwa maswali ya namna hiyo, maoni yao yalibanana zaidi kuliko ya wapiga kura. Converse akaona kwamba mifumo ya imani ni mali ya watu wachache wanaoishi ndani ya siasa. Ukishuka kwa umma, nyuzi zinakatika.

MZEE: Binti yangu, mimi nilikuwa balozi. Katika nyumba zangu kumi nilijua nani anamwamini nani, nani hasemi na ndugu yake, nani alinyang'anywa ng'ombe na serikali ipi. Mgeni akija na karatasi, mwenye nyumba anampa jibu la kumwondoa salama. Unamuuliza mtu habari za umeme wa serikali au wa tajiri, na nyumbani kwake hakuna waya. Leo atakujibu hivi, mwakani vile, kwa sababu swali si lake. Umempima kwa jambo ambalo halijamgusa, halafu unaandika kwamba hana msimamo.

MWANAHABARI: Na mara nyingi karatasi yenyewe inampa njia mbili tu. Nimewahi kusimama kando ya mhojaji akisoma kauli ya kwanza na kauli ya pili, mhojiwa achague. Mama mmoja alisema, "Zote mbili zina kweli." Hakukuwa na kisanduku cha jibu hilo.

MHADHIRI: Hoja hiyo ina wenyewe hata huko Marekani. Miaka miwili kabla ya Converse, mwaka 1962, Robert Lane alichapisha kitabu juu ya wanaume 15 tu wa mji mmoja wa mashariki ya nchi ile, watu wa vipato vya chini na vya kati. Alikaa nao saa nyingi, akawaacha wazungumze. Akagundua kwamba walikuwa na fikra juu ya uhuru, juu ya usawa, juu ya kwa nini wao hawakutajirika na wengine wametajirika, na fikra hizo zilishikana, kila mtu kwa namna yake. Lakini tazama hilo, "kila mtu kwa namna yake". Ikiwa mfungamano wako uko kichwani mwako peke yako, chama kitaujuaje? Bunge litaujuaje? Siasa inahitaji mfungamano ambao watu wengi wanaushiriki.

MZEE: Basi nikupe ulioshirikiwa na wengi. Chukua vijiji vya ujamaa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Septemba mwaka huo likafuata andiko la Ujamaa Vijijini. Katika maandishi yale mambo yalikuja pamoja: kuishi pamoja, kulima pamoja, kugawana kwa haki, shule, maji, zahanati. Kada wa Chama angekuambia huwezi kulitaka moja ukalikataa jingine. Kisha zikaja operesheni, na kufikia mwisho wa 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, wengine kwa hiari, wengi kwa amri. Nenda sasa kwa mkulima wa wakati ule. Shule? Ndiyo. Kisima? Ndiyo. Zahanati? Ndiyo kabisa. Shamba la kijiji? Siku ya zamu alikwenda, akapiga jembe taratibu, nguvu akazibakiza kwa ajili ya shamba lake la nyumbani. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alikiri kwamba nchi ilikuwa bado haijafika kwenye ujamaa wala kujitegemea.

Mtafiti wako angesema mkulima huyu amechanganyikiwa, anataka nusu ya sera na kukataa nusu. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Kipimo chake kilikuwa kimoja, na kilikuwa kile kile Rufiji, Dodoma na Kigoma: chenye manufaa ninayoyaona, na ambacho mtendaji hawezi kuninyang'anya, nakipokea, ambacho mavuno yake yanapimwa na mtu mwingine nisiyeweza kumwajibisha, nakikwepa. Hawakukutana kupanga hayo. Waliyafikia kwa sababu walipitia mambo yale yale.

MHADHIRI: Nakubali kwamba hapo kuna mfungamano, na kwamba dodoso la kushoto na kulia lisingeuona. Ila kanuni hiyo, Mzee wangu, ni ya kujikinga. Inakufundisha kukataa kile ambacho tayari umeonja. Itakuambia nini juu ya kuuza benki ya umma? Juu ya muundo wa Muungano? Juu ya sheria ya uchaguzi? Mfumo wa imani unahitajika hasa katika mambo ambayo mtu hajayaona, ili asilazimike kumngojea mtu wa kumwambia aamini nini.

Hapo naingia mwenyewe kabla hawajaendelea, kwa sababu Mhadhiri ameweka kidole mahali penye kidonda. Mtu ambaye imani zake zote zimetokana na aliyoyaonja analindwa vizuri dhidi ya uongo wa jana, na halindwi kabisa dhidi ya uongo wa kesho. Hata hivyo sikubali kwamba dawa yake ni kumfundisha mwananchi kushoto na kulia. Ariel Malka na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti uliokusanya takwimu za karibu nchi 100. Walitaka kujua kama watu wanaoshikilia mila na maadili ya zamani ndio pia wanaotaka serikali ijitoe katika uchumi, kama ilivyozoeleka katika siasa za Marekani. Katika nchi nyingi walikuta kinyume: wanaoshika mila sana ndio waliotaka serikali iwahudumie zaidi. Yeyote aliyekaa katika mkutano wa kijiji Tanzania anamjua mtu huyo. Anataka binti avae kwa heshima na anataka serikali ishushe bei ya mbolea, na haoni mgongano wowote, kwa sababu haupo. Wanaouona ni wale waliojifunza kwamba misimamo hiyo miwili ni ya kambi mbili. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mwananchi ana mfumo unaofanana na wa wasomi. Swali ni nani aliyeamua kipi kiende na kipi.

MWANAHABARI: Kwa swali hilo, kwetu Kenya tuna majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake. Fuateni safari yake. Mwaka 1963 tulipata uhuru na katiba ya majimbo. Aliyeidai ni KADU, chama cha Ronald Ngala wa huku Pwani, pamoja na Daniel arap Moi na Masinde Muliro: jamii ndogo ndogo zilizoogopa kumezwa na Wakikuyu na Waluo waliokuwa wengi katika KANU. Makamu wa rais wa KANU alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, na KANU haikuyataka majimbo. Novemba 1964 KADU ikajivunja, wabunge wake wakahamia KANU, na majimbo yakafa. Wapi maandamano ya wale waliokuwa wameapa kwamba bila majimbo hakuna uhuru? Moi aliyeyadai akawa rais mwaka 1978 na kwa miaka 24 akakusanya madaraka yote Nairobi. Mwaka 1991, vyama vingi vilipobisha hodi, wanasiasa wa KANU wa Bonde la Ufa wakayafufua majimbo, safari hii yakiwa na sauti ya kuwafukuza watu wa jamii nyingine, na damu ikamwagika. Ukifika 2007, anayewaahidi watu majimbo ni Raila Odinga, mtoto wa Jaramogi, na wafuasi wake Nyanza wanamshangilia kwa jambo ambalo wazazi wao walilikataa. Mwaka 2010 katiba mpya inaleta kaunti 47. Moi na William Ruto wako upande wa kuikataa, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa inawafuata.

Basi niambieni. Kama ukiwa na msimamo juu ya majimbo nabashiri kabila lako, lakini baada ya miaka 40 nabashiri kabila jingine kwa msimamo ule ule, huo ni mfumo gani wa imani?

MHADHIRI: Ni ule Converse aliouita wa makundi, ile asilimia 42. Mtu hashikilii majimbo. Anashikilia watu wake, na majimbo yanaingia au kutoka kulingana na wanachosema wanaowasemea watu wake. Hata katika takwimu zake, maswali yaliyowahusu Wamarekani Weusi yalipata majibu yaliyoyumba kidogo kuliko swali la umeme na nyumba, kwa sababu hapo kila mhojiwa alijua kundi gani linazungumziwa. Na kuna jaribio la Geoffrey Cohen la mwaka 2003. Aliwapa wanafunzi wa chuo wasome sera ya misaada kwa maskini. Wengine walisoma sera ya ukarimu, wengine ya ubahili, na waliambiwa chama kipi kinaiunga mkono. Walifuata chama. Waliojiona watetezi wa maskini waliikubali sera ya ubahili walipoambiwa ni ya chama chao, na wapinzani wao vivyo hivyo kwa upande wa pili. Walipoulizwa sababu, walisema wameisoma sera na kuamua wenyewe.

MZEE: Hao si wakulima wangu. Hao ni wa chuo kikuu.

MHADHIRI: Ndivyo, Mzee. Elimu haikuwaokoa. Pengine ndiyo iliyowapa maneno mazuri ya kujieleza.

MWANAHABARI: Lakini Dada, mfano wangu wa majimbo ulikuwa unampinga Mzee, sasa acha nimtetee. Kabla hujasema Mkenya anafuata tu, angalia kile anachopewa kukichagua. Novemba 2005 tulipewa rasimu nzima ya katiba: ardhi, mahakama, madaraka ya rais, haki za wanawake. Jibu ni moja, ndizi au chungwa. Ndizi ndiyo, chungwa hapana. Karibu asilimia 58 wakachagua chungwa. Ndani ya chungwa walikuwemo waliochukia madaraka ya rais, waliochukia vifungu vya ardhi, na waliomchukia Rais Kibaki kwa kuwavunjia ahadi ya uchaguzi wa 2002. Agosti 2010 tena, kijani na nyekundu. Katika nyekundu walikuwa maaskofu waliokataa mahakama za kadhi na kifungu cha uhai, kile kilichogusa utoaji mimba, wakiwa pamoja na wenye mashamba makubwa ambao hofu yao ilikuwa ardhi. Karibu asilimia 67 walipiga kijani. Mtu aliyetaka kaunti na hakutaka kifungu cha uhai angefanya nini? Tunamfunga kwa karatasi ya kura, kisha tunashangaa kwamba maoni yake yamefungwa vibaya.

Na Juni 2024? Muswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Vijana waliusoma, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaugawa kwa simu. Tarehe 25 waliingia hadi Bungeni, na wenzao wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akasema hatausaini. Walikuwa wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Nilikuwa nao barabarani. Mjaluo na Mkikuyu wa miaka 22 walikuwa na hesabu moja mdomoni: mkate, bando, nauli.

MHADHIRI: Ushujaa wao siutilii shaka, na waliokufa sitawafanya mfano wa darasani. Nauliza tu kuhusu kesho yake. Muswada mmoja unaweza kuwaunganisha watu ambao, ukiwauliza pesa zitoke wapi kama si kwenye mkate, kila mmoja ataelekea kwake: mwingine serikali ikope, mwingine wafukuzwe wafanyakazi, mwingine watozwe matajiri. Kukataa pamoja si kuamini pamoja.

MZEE: Kukataa pamoja ndiko kulikoleta uhuru. Yaliyofuata tulijifunza tukiwa njiani.

MHADHIRI: Na pale njiani, Mzee, nani aliyetuambia tunaamini nini? Hapo ndipo nataka tufike. Tume ya Nyalali.

MZEE: Naam. Hiyo nilikuwepo.

MHADHIRI: Februari 1991 Rais Mwinyi aliiunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, izunguke nchi kuwauliza watu: chama kimoja au vyama vingi? Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 21 na kidogo walitaka vyama vingi. Lakini wengi wa hao waliotaka chama kimoja walitaka wakati huo huo mabadiliko makubwa ndani ya mfumo. Tume ikapendekeza vyama vingi, ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na kuanzia Julai 1992 vyama vikaruhusiwa. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wa Converse kwa Kiswahili. Watu walitaka viongozi wawajibike, watu waseme bila woga, na pia wasiwepo wapinzani wa kuwawajibisha hao viongozi. Vipande vyote vimo, na kinachovishika hakimo.

MZEE: Hapana. Kinachovishika kilikuwemo, na nitakionyesha. Kwanza, usinifanye mfuasi wa wakubwa. Aliyefungua mlango wa mjadala ni Mwalimu Nyerere, mwaka 1990, akiwa bado mwenyekiti wa CCM. Ni yeye aliyesema si dhambi kuzungumza habari za vyama vingi. Kama tungekuwa watu wa kufuata kila anachosema mkubwa, tungemfuata yeye, maana hakukuwa na mkubwa zaidi yake. Hatukumfuata. Robo tatu ya waliozungumza walikataa. Hapo, Dokta, nadharia yako ya wafuasi inasemaje?

MHADHIRI: Inasema kwamba mlifuata, ila mlimfuata Nyerere wa 1965 dhidi ya Nyerere wa 1990. Kwa miaka 25 mlifundishwa kwamba chama kimoja ni umoja, na vyama vingi ni ukabila na vita. Fundo lile lilifungwa juu, likakazwa shuleni, redioni, kwenye mikutano ya Chama. Aliyelifunga alipotaka kulifungua akakuta limekwisha kuwa lenu.

MWANAHABARI: Na jirani zenu mlikuwa mkiwaona. Uganda ya Amin na Obote. Burundi. Rwanda, ambako vita ilikuwa imeanza Oktoba 1990.

MZEE: Ahsante, binti. Hilo ndilo nililotaka kusema. Aliyeishi Kigoma au Kagera mwaka 1991 hakuhitaji redio imwambie kugombania madaraka kunaleta nini. Wakimbizi walikuwa majirani zake. Aliposema chama kimoja hakuwa anasifu ibara ya katiba. Alikuwa anasema: msituletee hayo. Na aliposema viongozi warekebishwe, alikuwa anamwona katibu kata anayekula kahawa ya ushirika. Amani, na wezi waondolewe. Niambie hapo mgongano uko wapi? Mgongano umeletwa na swali, kwa kuweka amani upande mmoja na uwajibikaji upande wa pili.

MHADHIRI: Lakini Zanzibar, Mzee, swali lilikuwa lile lile, na jibu likawa karibu asilimia 56 kwa 43.

MZEE: Kwa sababu Zanzibar walikuwa wamepita kwingine. Ukiipata historia ya mtu umepata mfungamano wa maoni yake. Nami nasema historia zenyewe hazikuwa siri. Mmetafuta nadharia na hamkuuliza historia.

Nakiri kwamba katika sehemu hii moyo wangu uko kwa Mzee, na akili yangu inamngojea Mhadhiri. Mzee ana haki kwamba mseto wa majibu ya 1991 ulikuwa na maana iliyokamilika kwa waliousema. Hata hivyo, hofu ya vita ilikuwa ya wananchi, lakini ile kauli kwamba kinachozuia vita ni chama kimoja haikutoka kwao. Ilipandikizwa juu ya hofu ya kweli, na ndiyo maana ilidumu. Maoni yanayodumu kuliko yote ndiyo haya, yenye mzizi wa mwananchi na tawi la mtawala, na aliye nayo hawezi kirahisi kuonyesha kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

MWANAHABARI: Basi turudi Zanzibar, maana kuna mahali pa kupima. Januari 2001 watu waliuawa, wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, kwetu Kwale, zaidi ya 2,000. Kwa miaka kumi na zaidi, kuanzia kabla ya mauaji hayo, wafuasi wa CCM na wa CUF, chama cha upinzani, hawakuzikana, hawakununua dukani kwa mwenzake. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakutana na kupatana. Julai 31, 2010 watu wakaulizwa: mwataka serikali ya umoja wa kitaifa? Asilimia 66 wakasema ndiyo.

MHADHIRI: Viongozi wawili walipeana mikono, wafuasi wakapeana mikono. Sihitaji kuongeza.

MZEE: Au wafuasi walichoka kuzikana peke yao, wakawangojea viongozi wachoke.

MHADHIRI: Tukiwa na matokeo hayo peke yake, Mzee, hatuwezi kuzitenganisha hizo mbili. Yote mawili, mapatano ya viongozi na uchovu wa watu, yanaelekeza upande mmoja. Ndiyo maana ninaotaka kuwasikia ni wale wengine. Theluthi moja walisema hapana, wakati Karume amesema ndiyo na Maalim amesema ndiyo. Hawakuwa na mkubwa wa kumfuata katika kura ile. Hao, kama wana kinachoyashika maoni yao, hakikuagizwa siku ile kutoka juu. Ningekaa nao kama Lane alivyokaa na watu wake 15, bila kauli ya kwanza wala ya pili.

MWANAHABARI: Mimi ningekaa na waliosema ndiyo, na ningewauliza jambo moja: Karume na Maalim wangegombana tena usiku wa Julai 30, asubuhi ungepiga nini? Akisita, nitajua.

MZEE: Atasita kwa sababu umemuuliza habari za Karume na Maalim. Muulize kama mtoto wake aoe Pemba. Muulize kama atakwenda msikitini kwa mwenzake. Na mimi mwaka ule 1991, tume ingeniuliza nani awe na uwezo wa kumwondoa katibu kata akiharibu, ningejibu: sisi tunaokaa naye. Rudi 1993 uniulize tena, jibu ni hilo. Rudi leo.

MHADHIRI: Na kama Chama chako kingekuambia kwamba kumwondoa katibu ni kazi ya mkoa?

MZEE: Kilituambia, binti yangu. Kwenye kikao tulipiga makofi. Tulipotoka nje tulikuwa bado tunamtaka aondoke.

MHADHIRI: Basi nipe majina ya waliotoka nje pamoja nawe, nianze na hao.